Tuniki Iliyopikwa kwenye Debe

Skafu ishirini na nne nilizikata na kuzishona mwenyewe, hapa dukani kwangu Mwingi, na kati ya hizo zote hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Mutheu, binti ya marehemu, ndiye aliyenipigia simu. "Mama Kyalo, mama ametuacha," akasema, na mimi nikakaa juu ya robota la kitambaa. Marehemu ni Kalondu, tuliyekaa naye dawati moja darasa la sita kule Mukuyuni. Mutheu akaniambia wale waliosoma na mama yake wana kikundi chao kwenye simu, na wameamua siku ya mazishi kila mmoja avae skafu ya maruni, rangi ya shule yao ya zamani, ndio watu wajue hawa walitoka pamoja. Walikuwa wanatafuta wa kuzishona, na yeye akakumbuka mama yake akiwa kitandani alisema jambo lolote la kushona lipelekwe kwangu. "Ni ishirini na nne," akasema. Nikasema sawa. Sikuuliza kama nimehesabiwa. Mimi sikumaliza hiyo shule, na mtu mzima haombi kuhesabiwa. Kitambaa kilibaki kipande cha kutosha skafu mbili zaidi. Nilikikunja, nikakirudisha kwa rafu.

Siku hizi sisi Wakamba hatuzikani bila yunifomu. Familia wana fulana zenye picha ya marehemu, akina mama wa kanisa wana vitambaa vyao vya kichwa, kamati wana riboni kifuani, hata wapishi wana aproni za rangi moja. Silalamiki, kwani ni mimi ninayezishona, na zimenijengea nyumba ya mawe. Lakini siku hiyo nilikuwa na rinda langu la kijani la Jumapili, nimekaa kwa kiti cha plastiki mwisho wa hema, karibu na masufuria. Kijana wa maikrofoni akaita, "Wale waliosoma na marehemu wasimame tuwaone!" Wakasimama vikongwe ishirini na nne na skafu zangu shingoni, wengine wameshika fimbo, mmoja ameshikwa na mjukuu. Watu wakawapigia makofi. Wakipita kwenda kuweka maua, nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Yule si Kyondo?" Mwingine akauliza, "Kyondo gani?" "Yule wa mvua!" Wakacheka kidogo, ile ya kufunika mdomo, kwa sababu ilikuwa mazishi. Kyondo ni kikapu kwa Kikamba. Nilikuwa sijaitwa hivyo miaka hamsini, na nilitazama mbele kama ambaye hakusikia.

Wiki tatu baadaye kukawa na mkutano wa wazazi katika shule ya msingi iliyo karibu na duka langu. Mimi niko kwa halmashauri ya hiyo shule, ingawa Kiingereza changu kinaishia kwa salamu. Jambo lilikuwa moja tu: yunifomu iwe lazima, au kila mzazi avalishe mtoto alicho nacho. Mzee mmoja mfugaji wa mbuzi akasimama, akauliza, "Mtoto anasoma kwa kichwa ama kwa sweta?" Watu wakaangua kicheko. Mwalimu msichana akamjibu kwa heshima, "Mzee, tukiondoa yunifomu, wa tajiri atakuja na viatu vinavyowaka taa, na wa kwako atakuja na ndara. Utafurahi?" Mzee akasema, "Sasa hivi wa kwangu yuko na mbuzi. Hiyo ndiyo wewe unafurahia?" Mabishano yakapanda, mpaka mwenyekiti akagonga meza. "Tumuulize Mama Kyalo," akasema. "Huyu mama alifukuzwa shule kwa kukosa yunifomu, na leo anavalisha nusu ya Kitui!" Makofi.

Hiyo hadithi watu wanaijua. Nimeisimulia kanisani, nimeisimulia kwenye harambee, nimeisimulia kwa harusi za wanangu wote wanne. Inaanza na mwalimu mkuu mkali na inaisha na cherehani, na watu huipenda kwa sababu mkali anashindwa. Siku hiyo nilisimama, nikafungua mdomo, na hadithi ikakataa kutoka. Nikasema tu, "Yunifomu ibaki. Na asiye nayo aingie darasani vile alivyo." Mwenyekiti akanitazama. "Sasa hiyo tuandike ni lazima ama si lazima?" Nikamwambia, "Andika vile nimesema," nikakaa. Nilirudi nyumbani nikanunua daftari njiani. Hadithi yangu ina kipande nilichokikata miaka mingi, na mtu pekee aliyejua mahali kilipokatwa ndiye tumemfukia Mukuyuni. Sasa nikinyamaza, uongo utabaki peke yake na mimi humu ndani.

Mambo ya nani alizaa nani nitayaacha. Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na mitatu, jina langu Mbithe, na nilikaa na shangazi yangu Syokau katika chumba kimoja nyuma ya hoteli ya mandazi, pale sokoni Mukuyuni. Kilikuwa chumba cha hatua sita kwa nne. Nililala upande wa ndani, nyuma ya pazia la magunia yaliyoshonwa pamoja, na shangazi alilala upande wa mlango. Ukutani kulining'inia viondo vyake, vilivyokwisha na ambavyo havijaisha, na kwenye pembe kulikuwa na debe moja la kupikia rangi, limekuwa jeusi nje na jekundu ndani. Ukuta wa hoteli ulikuwa wa mabati na mbao, hivyo moto wao ulitupasha na maneno yao yote yalikuwa yetu. Asubuhi harufu ya mandazi ndiyo ilikuwa chai ya kwanza. Ya pili ilikuwa chai yenyewe, ya rangi, bila kitu. Jioni tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatolewa ngozi, na mwaka huo maharagwe ndani yake ungeyahesabu kwa vidole, maana mvua ilikuwa imepita kando misimu miwili. Shangazi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisuka akitembea, alisuka akipika, na nadhani alisuka akiomba. Ningeweza kukaa naye siku nzima na sauti peke yake ndani ya chumba ikawa ile ya mkonge ukipita kwenye paja lake.

Habari ya mwalimu mkuu mpya niliipata kupitia ule ukuta. "Huyu anataka shule iwe kambi ya jeshi," mwanamume mmoja alisema huku akitafuna. Mwenzake akasema, "Wacha afanye. Angalau nitajua ni nani mwanafunzi na ni nani anauza ndizi." Wakacheka, wakaagiza chai nyingine. Yunifomu ilikuwako tangu zamani, tuniki ya maruni na blauzi nyeupe kwa wasichana, lakini walimu walikuwa wanafumba jicho. Huyu mpya hakufumba. Jumatatu ya kwanza ya muhula akatutoa kwenye paredi sisi tuliovaa nguo za nyumbani, tisa kwa jumla, akatupanga kando ya mlingoti wa bendera. Mimi nilikuwa na gauni la maua la shangazi lililopunguzwa. Alisema bila hasira, "Rudini mkiwa mmevaa kama wenzenu." Hakupiga mtu. Ni vile alivyosema wenzenu. Mpaka siku hiyo nilidhani tayari ni wenzangu.

Wale wengine walirudi mmoja baada ya mwingine, kila mtu na mjomba wake au na mbuzi wake aliyeuzwa. Mimi nilibaki. Shule ilikuwa juu ya kilima na kengele yake ilikuwa kipande cha reli, ilisikika mpaka sokoni. Nikiwa nimekaa nyuma ya pazia nilijua sasa ni hesabu, sasa ni mapumziko, sasa wanakimbilia maji. Nilikuwa naandika majibu ya maswali ambayo sikuulizwa, kwa mkaa, juu ya karatasi ya kufungia mandazi. Kuna upweke wa kukosa watu, na huo si mkubwa. Ule mkubwa ni wa kujua saa hii watu wako wapi, wanafanya nini, na nafasi yako kwenye dawati imekaliwa na mfuko wa mtu.

Mfuko huo ulikuwa wa Kalondu. Baba yake alifanya kazi Kiboko, kwa shamba la utafiti, na alirudi mwisho wa mwezi na vitu ambavyo hatukuvijua, mahindi ya mbegu, magazeti, siku moja kalamu ya wino. Kalondu alikuwa na tuniki mbili. Darasa zima letu hakuna mwingine aliyekuwa na mbili. Alikuwa mfupi, mwenye kelele, na alicheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe.

Ni shangazi aliyepata dawa. Siku moja aliniona nikitazama wasichana wakipita, akaweka kiondo chini. "Maruni ni nini?" akauliza. "Si ni rangi tu? Mimi nilipika rangi kabla mama wa huyo mwalimu hajaolewa." Mwenye hoteli alikuwa na mifuko ya unga wa ngano, ile ya pamba nyeupe, akatupatia mitatu, miwili ya tuniki na mmoja wa blauzi. Tuliisugua maandishi kwa majivu na jiwe mpaka vidole vikachubuka, na bado neno moja halikutoka, tukaligeuza ndani. Shangazi akaenda mtoni na panga, akarudi na magome amefunga kwa leso. Aliyaponda, akayachemsha kwenye lile debe siku mbili, akatia majivu, akaonja kwa ulimi, akatia tena. Kitambaa kilipotoka kilikuwa cha kahawia, nikataka kulia. "Ngoja kikauke," akasema. "Nyinyi watoto hamngoji kitu." Kikakauka. Kikawa maruni kamili, ile ambayo watu wa pwani huiita damu ya mzee, labda mbichi kidogo ukiiangalia juani. Viondo vyake vilikuwa vimetembea kwenye mvua miaka ishirini na havikutoa rangi hata tone. Ndiyo maana hakuogopa. Alishona kwa mkono, kwa sindano ya kiondo, na marinda akayalaza chini ya godoro badala ya pasi.

Nilirudi shuleni Jumatatu. Mwalimu mkuu alipita mbele ya mstari wetu, mikono nyuma. Akafika kwangu. Macho yake yakanipitia kama maji yanavyopita jiwe, akaenda kwa mwingine. Nataka nieleze hii vizuri, kwa sababu hawa wanaobishana kwa mikutano hawaijui. Wanasema yunifomu inafanya watoto wawe sawa. Hiyo si kweli. Mimi nikisimama getini asubuhi nakuambia kwa kutazama kola tu nani ana mama na nani analelewa na nyanya, nani amerithi sweta ya kaka, nani amelala na hiyo shati. Lakini nilichopata siku ile ni kitu kingine. Nilitazamwa na sikuonekana. Katika maisha yangu yote, na nimepewa zawadi na wakubwa, nimekaa meza ya mbele, sijawahi kufurahi vile nilivyofurahi kupitwa na yale macho.

Kalondu akaondoa mfuko wake kwa dawati. Tulipokaa akanusa hewa. "Mbithe, unanuka kama mti uliokatwa."

"Ni sabuni ya shangazi."

"Shangazi yako anaoga na kuni?" Akacheka mpaka mwalimu akamtupia chaki.

Shangazi alikuwa amenipa sheria moja: nisiifue mpaka atakaponiambia. Alisema rangi iachwe ishike kwanza. Lakini mimi wiki ya kwanza niligundua haishiki, tulipokimbia mbio na kwapa zangu zikawa nyekundu. Tangu siku hiyo sikukimbia tena. Sikucheza kamba, sikucheza mpira wa kurushiana, sikupanda kilima kwa haraka. Wakati wa mapumziko nilikaa kwa ngazi ya darasa, kivulini, nikala muthokoi wangu baridi kutoka kwa mkebe, nikitazama wengine. Waliponiita nilisema tumbo linauma. Nilisema hivyo wiki saba. Ile nguo iliyoniweka ndani ya mstari ndiyo iliyoniweka pia kwa ile ngazi, na nilikuwa nimeikubali bei hiyo. Ningeilipa mpaka darasa la saba. Nilikuwa namba nne katika darasa, na mwalimu wa hesabu alikuwa ameanza kuniita kwa jina.

Kila mtu Ukambani alikuwa anaiombea mvua mwaka huo. Makanisa yalifunga kula. Shangazi alipiga magoti kando ya kitanda, na mimi nyuma ya pazia nilikuwa naomba isinyeshe mchana. Sijawahi kumwambia mchungaji hiyo.

Ilikuja wakati wa mapumziko ya pili. Kwanza upepo, vumbi, kisha ile harufu, na watoto wote wakatazama juu. Matone ya kwanza yalianguka makubwa kama shilingi. Shule nzima ikatoka nje kupiga kelele, mpaka walimu wakatoka, mmoja akafungua mdomo juu kama ndege. Mimi nilirudi ndani ya darasa nikasimama ukutani. Kalondu akaja mlangoni, maji yanamtiririka usoni. "Wewe ni sukari?" akapiga kelele. "Mbithe, mvua! Ni mvua, wewe!" Nikasema tumbo. "Tumbo lako nimelichoka!" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanivuta, na nilikuwa mrefu kuliko yeye lakini yeye alikuwa na furaha na mimi sikuwa nayo, kwa hivyo akanishinda. Nje akanikumbatia, akaruka na mimi, tukazunguka. Na nasema ukweli, kwa muda kidogo nilisahau. Niliinua uso wangu. Nilikuwa sijacheza na mtu wiki saba.

Msichana mmoja akapiga yowe. Nikatazama chini. Miguu yangu ilikuwa myekundu kutoka magotini mpaka vidoleni, na tope niliposimama lilikuwa jekundu. Walifikiri ni damu. Tulikuwa wa umri huo, wenye macho ya kuchungulia nani ameanza na nani bado. Wavulana wakakimbia, wengine wakakaribia. Kalondu akaniachilia, akajitazama, na blauzi yake nyeupe mikononi na shingoni ilikuwa imechorwa mimi mzima, kifua changu na mabega yangu. Halafu mvulana mmoja, ambaye nyanya yake naye alikuwa msusi wa viondo, akanusa hewa, akasema kwa sauti, "Hiyo si damu. Hiyo ni rangi ya kyondo! Amevaa kyondo!" Hapo ndipo kicheko kilipoanza. Kyondo! Kyondo! Walikuwa wanaimba na mvua inawapiga migongoni. Tuniki ilikuwa imebaki rangi ya chai, na lile neno la unga tulilogeuza ndani likasomeka kwa nje.

Kwenye harambee, hapa ndipo mwalimu mkuu anaponifukuza. Ninamwigiza mpaka sauti, na watu wanamzomea. Hakunifukuza. Alinitoa katikati ya watoto akanipeleka veranda ya ofisi, akavua koti lake akaniwekea mabegani, na alikuwa na koti moja tu, nililijua. Akashika pindo la tuniki, akalisugua kati ya vidole. "Nani alitengeneza hii?" Nikasema shangazi. Akatikisa kichwa. "Mwambie ni fundi. Miaka yote hii nafundisha, na nimepita mbele yake wiki saba." Halafu akasema, "Nenda ukajipanguse. Kesho uje. Njoo na ile ya maua."

Sikuenda. Nilimrudishia koti kupitia kwa mtoto wa hoteli, nikaingia nyuma ya pazia. Shangazi aliishika ile tuniki muda mrefu, akaikunja, akaikunjua. "Mkonge hunywa," akasema mwishowe. "Pamba inaonja tu na kutema. Mimi nilijua wapi?" Hayo ndiyo maneno yote tuliyowahi kusema juu ya jambo hilo. Hakusuka jioni hiyo. Tulikula bila kutazamana, na ng'ambo ya ukuta watu walikuwa wanashangilia mvua.

Kalondu alikuja Jumatano. Nilisikia viatu vyake kwa matope, nikamwambia shangazi kwa mkono: siko. Shangazi hakupenda uongo, lakini alikuwa na deni la aibu kwangu, akatoka, akasimama mlangoni. Kwa Kikamba mwaitu ni mama, na mwiitu ni msichana.

"Mwaitu, Mbithe yuko?"

"Hayuko, mwiitu. Ametumwa."

"Mwambie mwalimu ameuliza. Mwambie hata wale wa kyondo-kyondo wamechapwa." Viatu vikasugua kizingiti. "Na mama hakunichapa sana, mwambie. Blauzi imekataa kutoka lakini navaa sweta juu."

Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Niliona ncha za viatu vyake chini ya pazia. Pua yangu ilikuwa inavuja na sikuipangusa, nisije nikatoa sauti. Alirudi Ijumaa, akaambiwa nimeenda kisimani. Alisema amelinda nafasi yangu, ameweka mfuko. Alirudi Jumanne, akaambiwa nimelala. Nikasikia karatasi ya gazeti. "Mpe hii," akasema. "Ni ile yangu nyingine. Baba hajui, yuko Kiboko." Na akaongeza, kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa na masikio ya mtu anayeishi ukutani: "Mwaitu, najua ako hapo ndani. Mwambie sijakasirika."

Shangazi aliiweka juu ya kitanda changu, akatoka nje kuchota maji ambayo tulikuwa nayo tayari. Niliifungua. Maruni ya dukani, ya cherehani, nzito mkononi, na imepigwa pasi. Mtu akiniuliza leo kwa nini sikuivaa, ningesema shida ni mwalimu, ni njaa, ni serikali. Ukweli ni kwamba nilifikiria kusimama kwenye paredi ndani ya nguo ya Kalondu, na shule nzima ikijua ni ya Kalondu. Ile ya magome ilikuwa uongo lakini ilikuwa yetu. Nilikuwa maskini aliyeringa, na sikuwa na kitu kingine cha kuringia.

Nilichukua wembe wa shangazi wa kukatia mkonge. Nilianza kwa kifua, nikafumua mshono mmoja mmoja, polepole, bila kukata kitambaa. Nilitaka kuona inafanywaje. Jinsi marinda yanavyokunjwa mara mbili juu na mara moja chini, jinsi bega la nyuma linavyokuwa refu kuliko la mbele, mambo ambayo mpaka leo nawafundisha wasichana wangu. Nilipofika kwa pindo, nikasimama. Pindo halikuwa la cherehani. Lilikuwa limefumuliwa na kuteremshwa inchi nne, mpaka mwisho kabisa wa kitambaa, likashonwa tena kwa mkono, uzi mweusi, mishono mikubwa iliyoyumba kama ya mtu ambaye hajawahi kushika sindano. Kalondu alikuwa mfupi. Hizo inchi nne zilikuwa zangu. Nilikaa nayo magotini mpaka mapumziko ya kwanza yakalia kule juu, na ya pili. Kisha nikafumua na hiyo pia.

Nilitandaza vipande kumi na vitatu sakafuni, nikavilaza juu ya magazeti, nikachora kuzunguka kila kimoja kwa mkaa. Michoro hiyo ndiyo iliyonifungulia veranda ya fundi wa soko, ndiyo iliyonileta Mwingi, na kila tuniki niliyowahi kuuza ni mjukuu wa ile. Kalondu mwenyewe, alipokuwa mama, alinunua za binti zake kwangu, zote, na kila mara aliuliza habari za nyumbani, akashika kitambaa, akasema asante, akaenda. Ninaposema nilijitengeneza mwenyewe, ndivyo nilivyojitengeneza.

Alikuja mara ya nne. Shangazi alikuwa sokoni na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya mwanga, na mimi nilikuwa nimepiga magoti katikati ya vile vipande, wembe mkononi. Hakukuwa na wa kusema siko. Alisimama kizingitini na sweta yake imefungwa mpaka shingoni, kwa joto lile. Alitazama sakafu muda mrefu. Alitazama kipande cha pindo, na nyuzi zake nyeusi nilizokuwa nimezikusanya kando. Nilingoja apige kelele, alie, anipige. Ningeweza kuyajibu yote hayo.

"Ilikubana?" akauliza.

"Eeh," nikasema. "Ilinibana mabega."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia, akarudi shuleni. Nami wala sikuwa nimeijaribu.